Je, Wajua? Yaliyoshonwa Ndani ya Shati Lako

Benki ilifunga, cherehani zikaendelea
Tarehe 23 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, lilionekana lina nyufa. Benki iliyokuwa humo iliwarudisha wafanyakazi wake nyumbani. Mafundi wa viwanda vitano vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa waje kazini kesho yake. Walikuja, na kabla ya saa tatu asubuhi jengo likaporomoka. Watu 1,134 walikufa.

Lebo zilitafutwa kwenye kifusi
Wanaharakati walifukua lebo na karatasi za oda ili kujua nguo zilikuwa za nani. Kiwanda kikizidiwa na kazi huipa kiwanda kingine kimyakimya, hicho nacho kikagawa tena, hadi mwenye jina shingoni mwa fulana hajui imeshonewa wapi. Wengine, tuseme ukweli, hawakutaka kujua.

Cheti kilitangulia moto
Agosti 2012 kiwanda cha Ali Enterprises, Karachi, kilipewa cheti cha kimataifa cha kuwajali wafanyakazi. Wiki chache baadaye kiliungua, na zaidi ya watu 250 wakafa nyuma ya madirisha ya nondo. Hata Rana Plaza wakaguzi walikuwa wameshapita, ila uimara wa nguzo haukuwa kazi yao!

Safari hii walitia saini ya kuwabana
Mwezi mmoja haukupita tangu Rana Plaza, kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi wakasaini Makubaliano ya usalama wa moto na majengo, Shirika la Kazi Duniani likiwa mwenyekiti asiyeegemea upande. Zaidi ya kampuni 200 ziliingia, viwanda zaidi ya 1,600 vikakaguliwa. Mafundi waliofikiwa walizidi milioni 2, yaani wengi kuliko watu wote waliohesabiwa Zanzibar katika sensa ya 2022.

Utamu uko kwenye masharti. Ripoti ya kila kiwanda iliwekwa hadharani mtandaoni, kasoro kwa kasoro, na tarehe ya kuirekebisha. Mageti ya kufunga kwa kufuli kwenye njia za kutokea yaling'olewa. Mwenye kiwanda akikaidi, hakimbilii kwa mteja mwingine, kwa kuwa kampuni zote zilizosaini humkatia oda. Na fundi akiona ufa, ana haki ya kukataa kuingia. Asubuhi ile ya Savar, haki hiyo ndiyo iliyokosekana.

Kesi ya mashati ilifika The Hague
Vyama viwili vya wafanyakazi vya kimataifa vilizishtaki kampuni mbili za mavazi, kwa madai ya kukiuka Makubaliano hayo, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, ambayo tumezoea kuisikia kwenye migogoro ya mipaka ya nchi. Januari 2018 moja ilikubali kutoa dola milioni 2.3, nyingi kati yake zikiwa za kurekebisha viwanda zaidi ya 150. Majina ya kampuni hizo yalibaki siri.

Daktari aliacha wagonjwa akachume pamba
Huko Uzbekistan, kwa miaka mingi serikali iliwapeleka walimu, wanafunzi na madaktari mashambani kila msimu wa mavuno. Zaidi ya kampuni 300 ziliahidi kutogusa pamba hiyo. Ususiaji huo uliondolewa Machi 2022, baada ya kuthibitika kwamba serikali haiwalazimishi tena watu kwa mpangilio.