Kaseti ya kwanza ya Saida: wasikilizaji walisikia nini?

Ndugu msomaji, maoni ya juma hili, ambayo kama kawaida tunayachapa hapa kwa ajili ya wale walioyakosa hewani, yanahusu nyimbo. Najua wapo watakaoguna. Watasema kahawa ina matatizo yake, migomba ina mnyauko wake, na sisi tunakaa kuzungumzia nyimbo. Naomba subira. Mwisho wa maelezo haya tutakuwa tumefika kwenye haki ya mtu na jasho lake, na hilo ni jambo ambalo mkulima wa Karagwe na Kyerwa analielewa kuliko mtu yeyote.

Jambo lenyewe lilianza katika kipindi cha salamu. Tulipiga wimbo wa "Maria Salome" wa Saida Karoli, na kabla haujaisha simu zilianza kulia. Wa kwanza alikuwa Kayanga, akatushukuru. Wa pili alikuwa Omurushaka, akataka urudiwe. Wa tatu akauliza kwa nini hatupigi nyimbo kama hizo kila siku. Simu ya mwisho ilitoka upande wa Nkwenda. Kijana alisema hapigi kwa niaba yake, ametumwa na bibi yake aliyeketi kando ya redio. Bibi hakutaka wimbo wala salamu. Alitaka kujua kama yule binti aliyeuimba hupata chochote kila unapopigwa.

Sikuwa na jibu la kumpa palepale. Nilisema tutalizungumza siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo leo.

Kwanza tuwakumbushe vijana. Saida Karoli ni mzaliwa wa Rwongwe, upande wa Bukoba Vijijini, mwaka 1976. Alijifunza kuimba na kupiga ngoma tangu utotoni. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina la wimbo huo huo wa Maria Salome, ilitoka mwaka 2001, enzi za kaseti. Wakati huo mimi nilikuwa kijana, na nakumbuka stendi ya Kayanga ilivyokuwa: kila kibanda na kila gari la abiria lilikuwa na kaseti hiyo. Wimbo ukavuka mpaka. Ukasikika Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na mashariki ya Kongo. Wasikilizaji hata jina waliupa la kwao, wakauita "Chambua kama Karanga", na mpaka leo wengi hawaujui kwa jina jingine.

Sasa tujiulize, watu hao wote walisikia nini? Mwimbaji alikuwa hana jina. Aliimba kwa Kihaya, akichanganya Kiswahili hapa na pale. Muziki wake ulikuwa na ladha ya kijijini, ngoma na sauti vikiwa mbele, wakati mijini vijana walikwisha kuhamia kwenye muziki wa kizazi kipya na vinanda vya umeme. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, kaseti ya namna hiyo ilipaswa kuishia Bukoba. Haikuishia huko, na sababu zake zinaweza kuelezwa.

Sababu ya kwanza ni chombo chenyewe cha kusikilizia. Redio nyingi za vijijini ni ndogo, zenye spika moja isiyozidi kiganja cha mkono, zinazotumia betri. Spika ya namna hiyo haina nguvu ya kutoa besi nzito. Inachokitoa vizuri ni sauti za kati, na huko ndiko iliko sauti ya binadamu. Ukipiga muziki uliojazwa vyombo vingi, vyote hurundikana mahali pamoja na maneno humezwa. Ukipiga wimbo wa mtu mmoja na ngoma, au mtu mmoja na gitaa, kila neno hufika, na hata pumzi ya mwimbaji husikika. Msikilizaji aliye jikoni au shambani huona kana kwamba mwimbaji ameketi karibu naye. Sisi watangazaji tunalijua jambo hili kwa uzoefu: wimbo wenye vyombo vichache husafiri vizuri zaidi katika redio mbovu.

Sababu ya pili ni lugha. Kihaya ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Anayeimba kwa lugha kama hiyo halazimiki kutafuta tuni mbali, kwa kuwa maneno yake yana mlima na bonde tayari. Ndiyo maana hata msikilizaji wa Mtwara au Kisumu, asiyeelewa neno moja, huhisi kwamba anazungumziwa na mtu. Kwa sisi wa Karagwe na Kyerwa jambo hili ni jepesi zaidi. Kinyambo na Kihaya ni ndugu wa karibu. Aliyelelewa kwa Kinyambo huupata wimbo wa Kihaya, na huipata pia redio ya Mbarara ikisema Kinyankole. Mpaka wa Murongo uko kwenye mto. Kwenye masikio haupo.

Sababu ya tatu wengi hawaifikirii. Kwa miaka mingi redio katika nchi yetu imezungumza Kiswahili, na Kiingereza kwa sehemu ndogo. Taarifa ya habari, mahubiri, mpira, matangazo ya vifo, yote kwa Kiswahili. Sera hiyo ilikuwa na faida yake. Imetuunganisha, na leo mtu wa Kaisho anaweza kuelewana na mtu wa Lindi bila mkalimani. Lakini maana yake ni kwamba lugha ya mama ilipata mlango mmoja tu wa kuingia redioni, nao ni muziki. Hayati Hukwe Zawose aliupita mlango huo na Kigogo chake, na sauti yake ikafika Ulaya. Saida aliupita na Kihaya. Kwa bibi aliyezoea redio inayomsemesha kwa lugha ya shule, kusikia ghafla redio ile ile ikisema maneno ya jikoni kwake si jambo dogo. Wengi waliolia waliposikia wimbo ule walilia kwa sababu hiyo, wala hakukuwa na msiba.

Na kaseti ya kwanza ina tabia yake. Msanii anapoingia studio mara ya kwanza huwa na nyimbo alizozibeba kwa miaka yote ya maisha yake: za kisimani, za harusi, za upweke. Kaseti ya pili hutakiwa baada ya mwaka mmoja au miwili, huku muuzaji amesimama mlangoni. Msikilizaji hajui mambo ya studio, lakini hutambua chakula kilichopikwa taratibu.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba wote walifurahi. Katika eneo letu yamekuwapo manung'uniko ya aina mbili, na yote yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni la wazee. Wanasema zamani muziki wa maana katika nchi hii ulikuwa wa nanga. Nanga ni ubao uliochongwa tumbo kama hori, wenye nyuzi zilizovutwa toka upande mmoja hadi mwingine. Mpiga nanga aliketi usiku, akasimulia kwa kuimba habari za watawala, vita na mapenzi, na utenzi mmoja uliweza kuchukua saa nzima au zaidi. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti mrefu juu ya tenzi hizo, na aliandika habari za mpiga nanga mashuhuri Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, akimhesabu kuwa kama wa mwisho wa kundi lake. Wazee wetu wanauliza: tunashangilia wimbo wa dakika tano, je, huo wa saa nzima nani ameurithi?

La pili ni la Wanyambo. Wanasema, Saida ni binti yetu, lakini lugha yake ni ya Bukoba. Kinyambo chetu kitaimbwa lini? Msomaji anaweza kudhani huu ni ukabila. Mimi sidhani. Mtu akitaka kusikia lugha ya mama yake hajamnyima mwingine ya kwake. Profesa Josephat Rugemalira amekwisha kuiandikia lugha hii kitabu cha sarufi, kilichochapwa mwaka 2005. Kitabu kipo, waimbaji wapo, lakini nyimbo zilizorekodiwa vizuri ni chache.

Hapa naomba niseme neno juu ya namna sisi wa redio tunavyopima mapokezi ya wasikilizaji, kwa kuwa tunakosea mara nyingi. Tunahesabu simu. Simu zikiwa nyingi tunasema wimbo umependwa. Lakini anayepiga simu ni mwenye simu, mwenye salio, mwenye nafasi, na asiyeona haya kusikika. Aghalabu ni kijana wa kiume aliye karibu na barabara. Mwanamke aliye na jembe mkononi saa hiyo hapigi. Mzee asiyejua kubonyeza hapigi. Ukifuata simu peke yake utadhani Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili za vijana wa kijiweni. Yule bibi wa Nkwenda nisingemsikia kamwe kama asingekuwa na mjukuu mtiifu, na swali lake ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Tangu siku ile ninapokwenda gulioni huuliza watu wanasikiliza nini, na majibu ninayopewa huko hayafanani na yale ya simu.

Sasa tulijibu swali la bibi.

Mwaka 2016 wimbo huo ulizaliwa upya. Diamond Platnumz, akiwa na Rayvanny, alitoa wimbo "Salome" uliojengwa juu ya ule wa Saida. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2001 wakaucheza, na jina la Saida likarudi midomoni mwa watu. Mwaka uliofuata alitoa wimbo wake mpya, "Orugambo", yaani maneno ya watu. Nyimbo zinapofufuka namna hiyo, swali la nani analipwa hufufuka nazo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatenganisha watu watatu ambao sisi huwachanganya. Yupo aliyetunga maneno na tuni. Yupo aliyeimba au kupiga chombo. Na yupo aliyegharimia na kutengeneza rekodi. Kila mmoja ana haki yake. Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu, au wakawa watu watatu tofauti. Haki ya mtunzi huanza pale anapotunga, haingoji muhuri, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, ikirithiwa na watoto wake. Anayetaka kuutumia wimbo huo kujengea mwingine sharti apate idhini. Lakini haki hizo zinaweza kuhamishwa kwa maandishi. Na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mwimbaji aliyetoka kijijini na nauli ya kuazima akiwekewa karatasi mezani, hutia saini aondoke na kaseti yake. Huwa hajasoma kwamba ameuza shamba pamoja na mavuno ya miaka yote ijayo.

Kwa hiyo, bibi, jibu ni hili: sheria inasema mwimbaji anastahili. Kama kweli anapata hutegemea alichotia saini, na hutegemea pia kama sisi wenye redio tunalipia tunachokipiga.

Kijana wa Bugene au Isingiro mwenye gitaa na nyimbo zako kumi, nakuomba mambo matatu. Andika maneno ya nyimbo zako na tarehe uliyotunga, na kazi ikikamilika isajili COSOTA, ili siku ya ubishi uwe na ushahidi. Usitie saini karatasi usiyoielewa; ipeleke kwanza kwa mwalimu, katibu wa parokia au mtu yeyote msomi unayemwamini. Na kabla hujaenda studio, kaa jioni moja na mzee anayejua nanga, ukiwa na simu ya kurekodia. Mwombe ruhusa, taja jina lake, na ukipata chochote mkumbuke.

Nasi wa redio tuna wajibu wetu. Tutaje jina la mtunzi kila tunapopiga wimbo. Ni sekunde tatu tu. Mkulima anapopeleka kahawa chamani hupimiwa, huandikiwa risiti, na jina lake huingia kitabuni. Asipoandikiwa hugoma, na sote humuunga mkono. Wimbo nao ni zao la mtu.

Kijana wa Nkwenda, kama unasoma gazeti hili, msomee bibi yako. Mwambie swali lake limefika, na wimbo wake tutaupiga tena Jumamosi, safari hii tukitaja jina la mwenyewe mwanzo na mwisho.

Hadi juma lijalo, kwaherini.