Injini Nyingine, Mtetemo Mwingine

Hiace imesimama kituoni ikiungurumia abiria. Kioo cha pembeni kinatetemeka kiasi kwamba bodaboda iliyo nyuma inaonekana mbili, mlango wa kuburuza unagongagonga, na dereva ameshikilia gia isicheze. Akikanyaga mafuta kidogo, kila kitu kinatulia. Akiachia, vurugu inaanza upya. Wanaozijua gari hizi hawana haja ya kuinua kiti cha mbele kuichungulia injini. Wanajua kuwa iliyomo siyo iliyotoka nayo kiwandani.

Hadithi huanza kwa hesabu ya mafuta. Hiace ya zamani iliyoingia nchini na injini ya petroli, tuseme 1RZ ya lita 2.0, inang'olewa injini hiyo na kuwekewa dizeli kama 3L ya lita 2.8. Gari linapata nguvu ya kubeba, matumizi ya mafuta yanashuka, na mtetemo unapanda. Lawama ya kwanza huangukia injini: tajiri ameuziwa mbovu. Mara nyingi injini haina kosa. Kosa liko pale inaposhikana na gari.

Ni kweli kwamba dizeli ina pigo zito. 1RZ hubana hewa na petroli takriban mara 9 kabla ya kuwaka. 3L hubana hewa mara 22 hivi. Zote zina silinda nne, na kwa injini ya aina hiyo silinda mbili huwaka katika kila mzunguko. Injini inapozunguka mara 750 kwa dakika bila kukanyagiwa mafuta, yaani ikiwa sailensa kama wasemavyo mafundi, gari hupokea mapigo 25 kila sekunde. Kazi ya kuyazuia yasifike kwenye bodi ni ya mauntingi, zile raba zinazobeba injini na gia boksi.

Raba nayo ina masharti yake. Injini iliyokalia raba ina kasi yake ya asili ya kuchezacheza, na mapigo yakiikaribia kasi hiyo mtetemo hukua badala ya kupungua. Raba huanza kuchuja mtetemo pale tu mapigo yanapozidi kasi ya asili kwa zaidi ya mara 1.4. Kwa mapigo 25, kasi ya asili inapaswa kuwa chini ya 17 hivi. Mauntingi ngumu mno, au za petroli zilizogandamizwa na uzito wa dizeli hadi chuma kikagusa chuma, hazifikishi kiwango hicho. Ndiyo maana gari hutulia likikanyagwa mafuta: mapigo yamekwisha kupita eneo la hatari. Na ndiyo maana baadhi ya mafundi hupandisha sailensa na kumkabidhi mteja gari. Mtetemo umefichwa, na gari linachoma mafuta ya ziada kila linaposimama.

Tatizo hili lilipata jibu zamani. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa Plymouth PA, gari la silinda nne lililosifiwa kwa utulivu wake. Siri ya utulivu huo haikuwa injini yenyewe. Wahandisi walihamisha mahali pa kuishikilia. Mauntingi moja iliwekwa juu mbele, nyingine chini nyuma, ili mstari wa kuziunganisha upite katikati ya uzito wa injini, nayo iweze kujizungusha kidogo bila kulitikisa gari. Citroën ya Ufaransa ilinunua haki ya kutumia mbinu hiyo, ikaitangaza kwa picha ya batamaji anayeelea.

Katika gereji nyingi, injini ya kupachika hushikiliwa pale panapopatikana nafasi, kwa mabano ya kuchomelea. Bano likipishana na tundu la chasisi kwa nusu sentimita, fundi hulivuta kwa mtaimbo mpaka bolti iingie. Hapo raba imefungwa ikiwa imepinda na haiwezi tena kucheza. Njia bora ni kuziacha bolti zote zikiwa zimelegea kidogo, kuiwasha injini ijitafutie mkao wake, kisha kuizima na kukaza.

Ekzosi pia hulaghai. Bomba likichomelewa moja kwa moja toka kwenye injini hadi chini ya bodi, mtetemo huiruka raba na kupita humo. Kipande cha bomba la kunyumbuka na raba za kuning'inizia humaliza mtetemo huo.

Mauntingi zikiwa sawa na bado sailensa haitulii, zamu ni ya nozeli, zinazopulizia mafuta kwenye silinda. Kwenye dizeli za pampu kama 3L, fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ikikatiwa mafuta mlio haubadiliki, ndiyo isiyofanya kazi. Jaribio hili ni marufuku kwa dizeli za kisasa za komoni reli, kwani presha ya mafuta inaweza kuzidi baa 1,000 na kupenya ngozi.

Mtetemo unaokuja barabarani tu, gari likishika mwendo, ni habari nyingine. Hapo hukaguliwa propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma. Gia boksi mpya ikiwa ndefu au imekaa juu zaidi, propela hukatwa au huungwa, na pembe zake hubadilika. Krosi, yaani kiungo cha mwisho wa propela, ikikaa kwa pembe huifanya propela iende haraka na polepole mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili hufuta kasoro hiyo ikiwa pembe zinalingana na masikio ya pande zote mbili yamelala mstari mmoja. Propela iliyochomelewa inahitaji pia kubalansiwa kwenye mashine. Pembe zenyewe zipimwe gari likiwa na mzigo, kwa sababu springi za nyuma zikilala ekseli hupanda. Hiace iliyojaribiwa tupu karibu na gereji inaweza kuwa tulivu kabisa, kisha ikaanza kutetemeka siku ya kwanza ikijaza abiria.