DNS haijui poti yako

Chukua duka la vipuri vya magari pale Deira, Dubai, lenye wateja Mombasa na Dar es Salaam. Limesajili kikoa cha .ae, na programu yake ya bei na oda iko kwenye seva ya ofisini, inasikiliza poti 8080. Fundi anafungua rekodi za DNS, anaandika anwani ya IP na kuifuatisha :8080. Mfumo unakataa, na una haki ya kukataa.

Rekodi ya A hubeba anwani ya IP, basi. Ni kama namba ya Makani, zile tarakimu 10 ambazo Manispaa ya Dubai hubandika kwenye milango ya majengo: inakufikisha mlangoni, ofisi ya ghorofa ya tatu utaiulizia mwenyewe. Poti huchaguliwa na kivinjari. Kikiona http kinakwenda 80, kikiona https kinakwenda 443; ukitaka nyingine, lazima uiandike. Rekodi ya CNAME nayo haisaidii, maana huelekeza jina kwenye jina jingine tu.

Rekodi yenye poti ipo, inaitwa SRV. Kanuni yake, RFC 2782, ilitoka Februari 2000. Tazama mstari huu:

_sip._tcp.duka.example. IN SRV 10 5 5060 simu.duka.example.

Kumi ni kipaumbele, tano ni uzito wa kugawana mzigo, 5060 ndiyo poti. Simu za intaneti na seva za Minecraft huitumia kila siku. Vivinjari havikuikubali hata siku moja. Mwaka 2023 ikaja RFC 9460 na rekodi ya HTTPS, ambayo nayo inaweza kutaja poti, lakini vivinjari haviifuati kwa namna moja. Mimi nisingeitegemea kwa duka.

Kuna pia huduma ya kumhamisha mgeni kwenda :8080. Hiyo ni kazi ya seva ya wavuti, si ya DNS. Namba itabaki inaonekana, na mitandao mingi ya maofisini na hotelini huzuia poti zisizozoeleka.

Dawa ni kuweka seva ya wavuti kama nginx au Caddy mbele ya programu, kwenye 443. Ndiyo itakayoshika cheti cha usalama, impokee mgeni, kisha impitishe ndani hadi 8080. Kama ofisi haina IP ya kudumu, kodi seva ndogo nje, uiunganishe na ya ofisini kwa njia iliyosimbwa. Ukimaliza, ifunge 8080 kwa watu wa nje, la sivyo cheti chako kitalinda mlango mmoja huku mwingine uko wazi.