Ndai Imepigwa Dairekti: Ni Nani Alikata Hizi Waya?

Kuna stori wasee wa Kanairo walikubaliana nayo bila kuuliza swali: ati ndai ikishuka meli kutoka Japani iko fiti kabisa, halafu barabara zetu ndo zinaimaliza. Nusu ya hiyo stori ni jaba. Enyewe mashimo na matuta zitakula bushi, linki na shoki, hakuna mtu anabishana na hiyo. Ukikata kona yote ukiskia tok-tok-tok kwa tairi ya mbele, jointi ya shafti imeenda. Hizo unanunua, unafunga, maisha inasonga. Lakini ile ugonjwa inafanya mse auze gari na hasira, bei ya kutupa, mara mob haijatoka kwa shimo. Iliwekwa na mkono ya mtu, hapa hapa mtaani, na huyo mtu alilipwa.

Cheki venye hukuwanga. Gova ilishasema mtumba isikuwe imepita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na ikaguliwe kabla ipande meli. Sawa. Inaland Mombasa, inapandishwa Nairobi, na kabla mdosi ajue hata kifuniko ya tangi inafunguliwa wapi, fundi ashaingiza kichwa chini ya dashibodi, miguu ziko nje. Anafunga alamu. Kesho yake msee wa kutraki anakam na kaboksi kake. Redio nazo, zile za kitambo za Kijapani zinashika FM ya 76 hadi 90, na hapa kwetu stesheni zinaanza 88 zikipanda 108, so lazima kafungwe kadude ka kuvuta masafa. Ukitoa betri, redio mob za Toyota zinajifunga, zinaanza kudai namba ya ERC, na kuna msee huko tao hiyo ndo ugali yake. Baadaye mdosi anataka taa za fogi. Anataka kamera ya nyuma. Anataka sabufa ya kutingisha keja za majirani.

Kila mmoja wa hao wasee alikata waya. Alichubua plastiki na meno, akazungusha shaba na vidole, akapiga tepu nyeusi, akaenda. Sasa egesha hiyo ndai kwa jua ya saa saba, madirisha imefungwa. Gamu ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, shaba inabaki uchi ikigusana na shaba ya jirani. Miaka ikienda, mdosi anachoka na vituko, anapiga gari sabuni, anaiposti ati "haina shida yoyote, ni kuwasha na kuenda". Hapo ndo wewe unaingia na doo zako za chama.

Alamu ndo mi huogopa kushinda injini. Alamu nyingi za hapa zinafungwa na relei ya kukata pampu ya mafuta, ndio mwizi akihepa nayo izime mbele kidogo. Idea poa. Shida ni hiyo relei ikizeeka, ama waya zake zikilegea, haijui mwizi ni nani. Uko Thika Road, leni ya kulia, lori nyuma yako, na injini inanyamaza tu. Unasukumwa pembeni, unangoja, unawasha, inashika ka hakuna kitu ilifanyika. Fundi wa kwanza anabadilisha pampu ya mafuta. Wa pili anabadilisha plagi. Wa tatu anasema ni kompyuta imechomeka, na hiyo ni bei ya kukufanya uuze simu. Msee wa umeme anayejua wera yake hata hafungui boneti. Anauliza swali moja: hii alamu ilifungwa na nani? Halafu anatoa hizo takataka zote, anarudisha waya za kampuni venye zilikuwa, anachoma risasi na kuvisha mpira mahali zilikatwa. Huyo msee, akikuambia bei, usimbishie sana.

Halafu kuna hii mambo ya kutoa thamostati. Fundi wa kitambo atakushow na roho safi: "Buda, hii kitu ni ya baridi ya Japani, hapa Afrika kuna joto, tutoe." Anatoa, anatupa kwa mtaro, na hachaji hata ndururu. Wacha nikuchanue. Kwa injini ya 1NZ, ile iko kwa Probox na Fielder mob, hiyo valvu hufunguka maji ikigonga kitu digrii 82. Kabla ya hapo inafunga njia ya rejeta ndio injini ipate moto haraka. Ukiitoa, maji inazunguka kwa rejeta kutoka dakika ya kwanza. Sensa inaambia kompyuta bado kuko baridi, kompyuta inaongeza mafuta, na wewe unaanza kulia kwa petroli ati ndai imekuwa mlevi. Ukiweka skana utapata P0128, na hiyo kodi maana yake ni moja tu: joto ya maji haijafika penye thamostati ingefikisha.

Na mbona fundi alikuwa anataka kuitoa? Juu ilikuwa inakwama. Mbona ilikwama? Juu mwenye gari alikuwa anajaza maji ya mfereji badala ya kulanti, ndani kukaota kutu, valvu ikashikana ikiwa imefungwa, gari ikachemka. So fundi alitibu homa, mbu akaachwa kwa neti. Kulanti ya galoni moja ni doo kidogo ukilinganisha na hedi gasketi, na Subaru za injini ya EJ hazihitaji kubembelezwa sana ndio ziiunguze. Uliza tu mtu wa Forester, lakini umletee chai kwanza.

Mi si mtu wa kutukana mafundi wa jua kali. Hiyo kitu inaitwa kupiga dairekti ilianza ka akili. Feni ya rejeta imekataa kuwaka, uko kwa mpando wa Mai Mahiu, mvuke inatoka kwa boneti, giza inaingia, una mathe na watoto kwa gari. Fundi anavuta waya kutoka kwa betri hadi kwa feni, feni inazunguka, mnafika home. Nani atamlaumu? Ngori ni ati hakuna mtu hurudi Jumatatu kutafuta mbona feni ilikataa. Relei ilikuwa imekufa, ama sensa, ama fyuzi tu. Dairekti ya usiku moja inakuwa dairekti ya miaka. Feni inazunguka bila kupumzika hadi inachoka, na hiyo waya haina fyuzi, so siku itagusa bodi ya gari, kitu ya kwanza utajua ni harufu.

Fyuzi nayo wasee wanaichukulia ka ni adui. Ikikatika mara mbili, mtu anaweka ya namba kubwa, ama anafunga na karatasi ya fegi. Ile fyuzi ilikuwa imekufa ndio waya isife.

Kwa hivyo kabla mtu yeyote afungue kitu, pima. Mita ya umeme ya kawaida haimalizi thao mbili, na itakuokoa kwa betri za bure. Gari ikiwa imelala, betri mzima inasoma kitu volti 12.6. Washa injini: sasa inafaa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Ikikaa chini ya 13, altaneta haichaji, na ukinunua betri mpya utakuwa umelisha shimo. Ikipita 15, regyuleta imenoki, na itakuchomea balbu na kompyuta pole pole. Ka altaneta iko sawa na bado kila asubuhi unasukumwa na mbogi ya ploti, kuna kitu inakunywa umeme usiku. Toa waya ya negativu, weka mita katikati ya waya na betri, funga milango, ngoja nusu saa hivi ndio makompyuta zilale. Ikizidi miliampia 50, anza kuchomoa fyuzi moja moja ukicheki mita. Ile ukichomoa namba inaanguka, umenyita mwizi. Mara mingi utapata ni kale kaboksi ka kutraki ama redio.

Ile ingine ya kujifanyia ni koili. Injini inatetemeka ikiwa imesimama, taa ya injini inawaka, nguvu imepotea, hasa ukitoka kawoshi penye kijana alimwaga maji ya presha juu ya injini ndio ing'are. Skana ndogo ya blutuuthi inayoongea na simu inakupea P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi. Usikimbie Grogan kununua spea bado. Chomoa koili ya kwanza, ibadilishane na ya pili, futa kodi, washa. Ikirudi ikisema P0302, ugonjwa umehama na koili, so koili ndo imekufa, nunua moja peke yake. Ikibaki P0301, koili haina makosa, cheki plagi, halafu inosili. Umetumia dakika chache na spana ya kumi. Fundi mwenye hafanyi hiyo jaribio na anataka ununue koili zote nne, ujue kuna duka inampea kitu.

Hiyo ndo siri ya Kirinyaga Road, ile sisi wote bado tunaita Grogan. Spea ziko, na ziko za kila daraja: mpya ya kampuni, eksi-Japani iliyotolewa kwa gari ingine, ya Taiwan, na ile ya kushangaza. Bei inategemea nani amekupeleka. Enda na namba ya chesisi, si na mdomo. Ukisema tu "Fielder" utauziwa kitu ya NZE144 na yako ni NZE141, halafu fundi ataifanya iingie kwa nguvu, na dairekti ingine imezaliwa. Na sai mirowa ya pembeni tunachora namba za gari juu ya kioo ndio zikiibiwa tusiuziwe zetu wenyewe huko.

Gia boksi nayo usichezee hata kidogo. Note, Fit, Axio, mingi zao ni za CVT, na hiyo CVT inataka oili yake. Fundi akimwaga ile ya gia otomatiki ya kawaida juu "oili ni oili", ndai itaendelea kutembea wiki kadhaa ikikuchocha ati iko sawa. Halafu inaanza kuvuta na kuacha ukipanda mlima. Hapo hakuna spana itakusaidia, utanunua boksi ingine. Simama hapo ukiona anafungua mtungi, soma karatasi.

Wa haibridi, mko na yenu. Aqua ina betri ya volti 144 nyuma, na hiyo betri inavuta hewa kupitia katundu kando ya siti ya nyuma. Vumbi ya mtaa na koti mnatupa hapo zinaziba njia, feni inapiga kelele, betri inapika. Safisha chujio ya hako katundu. Waya za rangi ya chungwa usiguse, na usiruhusu mtu wa dairekti azikaribie.

Ukienda kununua, usianze na rangi ama rimu. Zungusha ufunguo hadi oni bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya eabegi lazima zitokee, halafu ya ABS na ya eabegi zizime zenyewe baada ya sekunde kadhaa, ya injini izime ukiwasha. Ka ya injini haitokei kabisa, mtu alitoa balbu. Ka ya eabegi inazima sekunde moja na ya oili, mtu aliunganisha waya zao. Weka skana. Ka haina kodi hata moja lakini inasema ukaguzi wa sensa haujakamilika, kodi zilifutwa juzi, pengine ukiwa kwa matatu ukikam. Vuta mshipi wa siti hadi mwisho, unuse. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika ndai mob hapa Nairobi, na zingine zilioshwa zikarudi sokoni. Matope kwa mshipi, kutu kwa reli za siti, ukijani kwa plagi za waya chini ya kapeti: hiyo hepa, hata ikipunguzwa laki mbili. Umeme iliyokunywa maji haiponi, inapumzika tu.

Mwisho piga magoti uangalie chini ya dashibodi na tochi ya simu. Tepu nyeusi ikining'inia, waya nyekundu haziendi popote, hapo ndo historia ya gari iko, si kwa sevisi buku. Muonyeshe muuzaji. Atacheka, atasema, "Aah, hiyo ni kitu ndogo tu ya waya, fundi atasort na soo tano." Mwambie poa, ka ni soo tano, aitengeneze yeye kwanza, wewe unarudi Jumamosi na doo. Wengi hapo wanaanza kutafuta simu kwa mfuko. Wale wachache wanaita fundi na wanakuacha usimame kando yake akifungua, bonga na hao bei.