Mama Aliyekaa Siku 169 Angani

Je, mama mwenye mtoto wa umri wa shule anaweza kuiacha dunia kwa zaidi ya miezi mitano, kisha akarudi nyumbani mzima? Yelena Kondakova wa Urusi aliweza. Akina mama wenzetu, hebu tumtazame, maana jinsi alivyoutunza mwili wake huko juu kunatuhusu hata sisi tusiotarajia kupanda roketi.

Nyumba ya wanaanga wawili

Yelena alizaliwa mwaka 1957 karibu na Moscow, akasomea uhandisi. Mumewe, Valery Ryumin, alikuwa mwanaanga mashuhuri: mwaka 1979 alikaa angani siku 175, na mwaka 1980 siku 185. Binti yao alizaliwa mwaka 1986. Miaka mitatu baadaye mama naye akachaguliwa kuwa mwanaanga.

Tarehe 4 Oktoba 1994 Yelena aliruka kutoka Baikonur, Kazakhstan, kwenda kwenye kituo cha anga cha Mir. Humo walimkuta daktari Valery Polyakov, aliyekuwa huko tangu Januari. Kabla ya Yelena, hakuna mwanamke aliyewahi kukaa angani hata mwezi mmoja mfululizo.

Mir iliizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo kwa siku moja waliona jua likichomoza mara 16. Kijiko ukikiachia, kinaelea. Mtu hulala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani.

Mwili usiobeba mzigo hudhoofu

Hapa ndipo sisi wauguzi tunapopata somo. Duniani, kila tunaposimama, miguu na mgongo hubeba uzito wetu. Angani mzigo huo haupo. Mifupa huanza kupoteza kalsiamu, misuli hulegea, na moyo nao huzoea kazi nyepesi. Ndiyo sababu wanaanga wa Mir walipangiwa mazoezi ya saa mbili hivi kila siku. Walikimbia kwenye mashine huku wamevutwa chini kwa mikanda ya mpira, au waliendesha baiskeli isiyokwenda popote.

Mabadiliko kama hayo humpata mgonjwa anayelala muda mrefu. Wataalamu wa anga wakitaka kuyachunguza hapa duniani, huwalaza watu wenye afya njema kitandani kwa wiki nyingi! Basi, dada mwenye mgonjwa wa kiharusi au mzee asiyeinuka, usimwache alale tu kwa kumwonea huruma. Muulize daktari au muuguzi ni mazoezi gani yanayomfaa. Mnyooshe viungo taratibu, mgeuze asipate vidonda vya kulala, na mketishe inapowezekana. Kidogo cha kila siku ndicho kinachosaidia.

Kurudi nyumbani

Tarehe 22 Machi 1995, baada ya siku 169, Yelena alitua Kazakhstan. Pamoja naye alikuwemo Dk. Polyakov, aliyekaa siku 437 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa. Hata hivyo daktari huyo alitembea mwenyewe hatua chache baada ya kutolewa chomboni. Mazoezi ya kila siku hayakupotea bure.

Mwaka 1996 Mmarekani Shannon Lucid, mama wa watoto watatu, aliipita rekodi ya Yelena kwa kukaa siku 188. Yelena aliruka tena Mei 1997 kwa chombo cha Marekani, Atlantis, akaitembelea Mir. Juni 1998 ikawa zamu ya mumewe, akiwa na umri wa miaka 58. Mwaka 1999 Yelena alichaguliwa kuwa mbunge.

Katika nyumba hiyo kila mmoja alikuwa na zamu ya kuondoka na zamu ya kubaki. Nasi tunapopata nafasi ya kwenda masomoni au kazini mbali, tusiikatae kabla ya kuketi na baba watoto na kupanga: nani atamwandaa mtoto asubuhi, nani atamwangalia akiugua, na salamu zitafika vipi nyumbani. Mama akiwa mbali, bado ni mama.