Oktani si nguvu: Petroli ya gari la kasi kabla ya kuelekea Chara

DEREVA anayetoka Nairobi au Mombasa kwenda Chara, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, akiwa na gari lenye injini ya turbo, hukabiliwa na uamuzi ambao mwenye gari la kawaida hana haja ya kuufikiria: atie petroli gani, na aitie wapi.

Uamuzi huo si wa anasa. Injini ya kasi ikilishwa petroli isiyoifaa huweza kuvunjika pete au kutoboka pistoni. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na aghalabu fundi aliyeizoea injini ya namna hiyo hupatikana Mombasa, mbali zaidi ya hapo. Gharama ya kulivuta gari pekee yaweza kupita bei ya petroli ya miezi kadhaa.

Kiini cha uamuzi wenyewe ni oktani. Neno hili limezoeleka katika vituo vya mafuta, lakini wengi hulielewa kinyume. Hudhaniwa kwamba petroli ya oktani ya juu ina nguvu zaidi, na kwamba gari lolote likinyweshwa hiyo litakimbia kuliko jana. Sivyo. Lita moja ya petroli ya oktani 95 hutoa takriban joto lile lile linalotolewa na lita ya oktani 91.

Kinachopimwa na oktani ni uvumilivu. Petroli inapoingia katika silinda huchanganyika na hewa, kisha pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko huo. Ukibanwa hupata joto. Unatakiwa usubiri cheche ya plagi ndipo uwake, na moto usambae kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi pembezoni. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe, yote kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo mafundi husema injini inagonga. Mlio wake hufanana na kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, na husikika zaidi gari linapopanda mwinuko au linapokanyagwa ghafla likiwa katika gia kubwa. Ukiwa wa mara moja na hafifu, hauna neno. Ukiendelea, ni nyundo juu ya kichwa cha pistoni.

Kipimo chenyewe kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920 na mkemia Graham Edgar. Alichagua vimiminiko viwili: isooktani, isiyogonga kwa urahisi, akaipa 100, na heptani, inayogonga upesi, akaipa sifuri. Petroli ya oktani 95 ni ile ambayo, ikitiwa katika injini ya majaribio, hugonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu tano za heptani.

Kwa muda mrefu viwanda vilipandisha oktani kwa kutia risasi katika petroli, dawa iliyokuwa rahisi lakini yenye sumu kwa watu, hasa watoto. Kenya, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli ya risasi kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa magari ya kawaida ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Kutokana na maelezo hayo, ni wazi kwa nini gari la kasi lina mdomo wa kuchagua. Turbo husukuma hewa nyingi katika silinda kuliko ambayo injini ingejivutia yenyewe. Hewa nyingi huruhusu petroli nyingi, na nguvu hupatikana. Lakini mgandamizo na joto navyo hupanda. Injini hiyo huhitaji petroli mvumilivu. Toyota Probox, kwa upande mwingine, iliundwa itumie petroli ya daraja la kawaida ya Japani, na kuitilia ya bei ghali ni kutupa pesa.

Tatizo la magari ya kasi nchini Kenya huanzia Japani kwenyewe. Kanuni za huko zinataka petroli ya kawaida iwe na oktani isiyopungua 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Katika vituo, hiyo ya juu huuzwa ikiwa karibu 100. Subaru Impreza WRX STI au Mitsubishi Lancer Evolution iliyotengenezewa soko la Japani imepangiwa hiyo ya pili, na aghalabu kifuniko cha tangi huwa na maandishi ya Kijapani yanayosema hivyo. Mnunuzi wa Mombasa hawezi kuyasoma, na muuzaji hana haraka ya kumfasiria.

Petroli super ya Kenya kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa na oktani 93. Hata pale inapopatikana ya 95, bado kuna pengo la alama tano kati ya kilichomo katika tangi na kile mhandisi wa Japani alichokikusudia. Neno “super” lisimdanganye mtu; lilibaki kutoka zama ambapo petroli hiyo iliuzwa sambamba na nyingine duni iliyoitwa regula.

Anayesoma vitabu vya magari ya Marekani naye awe mwangalifu. Wamarekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, na kwa hivyo 93 yao ni sawa na 97 au 98 kwa hesabu inayotumika Kenya, Ulaya na Japani. Kitabu kikidai 91 ya Marekani, hapa kinadai 95 au zaidi. Wapo walioona namba ndogo wakafurahi bure.

Magari mengi ya kisasa yana kitambuzi kilichofungwa kwenye bloku ya injini ambacho husikia mgongo kabla ya dereva kuusikia. Kompyuta hupokea habari hiyo na kuichelewesha cheche kidogo. Injini husalimika, lakini nguvu hupungua na ulaji wa mafuta huongezeka. Mwenye gari hulalamika kwamba limekuwa zito, asijue kwamba linajilinda.

Ulinzi huo una mipaka. Gari ambalo kompyuta yake ilibadilishwa na mmiliki wa kwanza ili turbo isukume zaidi, huenda limeondolewa sehemu ya kinga hiyo. Gari la namna hii ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa kwa nje halina tofauti na jingine. Kabla ya kulipeleka safari ya mbali, ni vyema kompyuta ikaguliwe na fundi anayeaminika, na ikiwezekana ipangwe upya kwa oktani inayopatikana nchini. Kazi hiyo ina gharama, lakini ndiyo suluhisho la kudumu.

Kuna jambo ambalo madereva wa bara hulisahau: mwinuko wa nchi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi huko, mgandamizo ndani ya silinda hupungua, na mahitaji ya oktani hushuka. Gari hilo likiteremka hadi Tana Delta, karibu na usawa wa bahari, hukutana na hewa nzito. Injini iliyokuwa kimya Nairobi huanza kugonga Garsen, na dereva hulaumu kituo alichotia mafuta njiani. Injini ya turbo haitegemei mwinuko kwa kiasi hicho, kwa sababu turbo hufidia hewa inayokosekana.

Joto, hata hivyo, haliibagui injini yoyote. Turbo huipasha moto hewa inayoisukuma, na kifaa cha kuipoza hutegemea upepo wa mwendo. Katika lami ya Malindi hadi Garsen upepo huo upo. Katika barabara za udongo za delta, gari likiwa limejaa abiria na mizigo, likijikokota saa saba mchana, upepo huo haupo. Basi mgongo hauhitaji mashindano ili utokee. Mwendo wa pole wenye mzigo mkubwa katika gia isiyofaa hutosha kabisa. Dereva na ateremshe gia, aiache injini izunguke kwa wepesi, wala asikanyage mafuta hadi mwisho.

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba kilichomo katika tangi ni petroli. Je, ni petroli?

Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa kodi ndogo nchini Kenya, kwa hoja kwamba ni mafuta ya maskini ya kupikia na ya kuwashia taa. Tofauti hiyo ya bei iliwapa walaghai faida ya haraka: walichanganya mafuta taa na dizeli, na hata na petroli. Mnamo Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuiondoa faida hiyo. Tozo hiyo ilipunguza kishawishi, japo iliwaumiza pia wale ambao koroboi na jiko la utambi vilikuwa tegemeo lao.

Kwa injini ya turbo, uchakachuaji huu ni hatari kuliko pengo la Japani na Kenya. Oktani ya mafuta taa ni ndogo mno. Ikikadiriwa kuwa 20, petroli ya 93 iliyotiwa sehemu moja ya mafuta taa kwa kila sehemu kumi za mchanganyiko hushuka hadi chini ya 86. Hakuna kifaa cha kuchelewesha cheche kitakachoziba pengo la alama 14 katika injini iliyopangiwa 100. Dalili zake ni moshi, harufu ya taa kwenye ekzosi, injini kuwaka kwa shida asubuhi, na ule mlio wa kokoto.

Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya ERC mwaka 2019, hupima mafuta ya vituo kwa kutumia alama maalumu ya kemikali. Mamlaka hiyo pia hutangaza bei za juu za petroli super, dizeli na mafuta taa kila tarehe 14 ya mwezi. Kituo kinachouza chini mno ya majirani wake chafaa kuulizwa maswali kabla ya kushangiliwa.

Ukaguzi huo, hata hivyo, hauifikii kwa urahisi petroli ya chupa na mitungi inayouzwa vijijini kwa waendeshaji wa boda boda na wenye boti. Si lazima muuzaji awe mlaghai. Petroli iliyokaa juani katika chupa ya plastiki hupoteza chembe zake nyepesi, zile zinazoisaidia injini baridi kuwaka. Mtungi uliobeba mafuta taa jana haukuoshwa. Na palipo na boti, huenda petroli imekwisha kuchanganywa na oili kwa ajili ya injini za mipigo miwili. Katika gari la kasi, oili hiyo hushusha oktani na kuchafua plagi. Swali moja kwa muuzaji, kabla ya kumimina, huepusha hasara kubwa.

Kwa hivyo mwenye gari la kasi hufaidika zaidi akijaza tangi Mombasa au Malindi, katika kituo chenye wateja wengi ambako mafuta hayakai, na akachagua daraja la juu kama lipo. Petroli huchanganyika kwa hesabu ya kawaida: tangi lililobaki nusu ya oktani 95 likiongezwa nusu ya 93 huwa na 94. Hivyo kuongeza kidogo mjini Garsen wakati wa kurudi si balaa, maadamu tangi halikuachwa likauke.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato katika vichupa vya dawa ya kuongeza oktani. Hapa msomaji asome lebo kwa makini. Dawa inayojigamba kuongeza “pointi” 30 aghalabu huongeza oktani tatu tu, kwani pointi kumi huhesabiwa kuwa oktani moja. Petroli ya 93 inakuwa 96, wala si 123. Nyingine zina manganizi, ambayo huacha rangi nyekundu kwenye plagi na huharibu cheche ikitumiwa mara kwa mara. Kichupa kimoja katika safari ya dharura chaweza kusaidia. Kukifanya mazoea ni ghali kuliko kuipanga upya kompyuta.

Hatari zaidi ni shauri la kutumia petroli ya ndege ndogo. Ina oktani 100, ni kweli, lakini aina inayotumika sana ina risasi, na risasi huua kichujio cha moshi pamoja na kitambuzi cha hewa kwenye ekzosi.

Mvua ikinyesha, hesabu yote hii hubadilika. Udongo mweusi wa delta haujali turbo, na gari lililoshushwa chini hukwama hatua chache baada ya kuiacha lami. Wakati wa masika, au mto Tana unapofurika kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 na tena 2024, lililo jema ni gari libaki Garsen na tangi lake likiwa na petroli ya Malindi, na mwenyewe amalizie safari kwa boda boda au kwa boti, ambazo injini zake hazidai oktani ya juu kama hiyo.