Minyoo ya Ini kwa Ng'ombe wa Imbo

Minyoo ya ini ni minyoo bapa yenye umbo la jani, inayoishi ndani ya mifereji ya nyongo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Sehemu zenye joto kama uwanda wa Imbo nchini Burundi, unaofuata Rusizi na ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ni makazi ya Fasciola gigantica, ambayo hufikia urefu wa sentimita 7. Fasciola hepatica, iliyo ndogo zaidi, hupenda nyanda za juu zenye baridi.

Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi. Yakikauka hufa; yakiangukia maji ya vuguvugu huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu. Kiluwiluwi anayetoka ana takribani siku moja tu ya kumpata konokono wa maji matulivu, na ndani ya konokono huyo mmoja huzaliana kwa mamia. Watoto wake hutoka, hujibandika kwenye mashina ya majani karibu na usawa wa maji, na kujifunika ganda. Ng'ombe akila majani hayo, minyoo michanga hutoboa utumbo na kulitafuna ini kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia kwenye mifereji ya nyongo. Mayai huonekana kinyesini miezi mitatu au minne baadaye, ndiyo maana kipimo cha kinyesi hakigundui maambukizi mapya.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho cha hatari. Nyasi za vilimani hukauka, na majani mabichi hubaki mabondeni, kwenye midomo ya mito na ufukoni. Kupanda kwa maji ya ziwa miaka ya karibuni, kulikofunika hata mitaa ya Rumonge, kumeacha madimbwi mengi yanayomfaa konokono.

Ng'ombe mkubwa hafi upesi, na hapo ndipo hasara inapojificha. Anakonda, damu inapungua, maji yanajaa chini ya taya, maziwa yanashuka, mimba inachelewa. Machinjioni mambo huwa wazi: kisu cha mkaguzi kinakwaruza mifereji iliyokakamaa, na ini likibinywa minyoo hutoka pamoja na uchafu wa kahawia. Ini hilo hutupwa. Mchinjaji ndiye anayeumia kwanza, lakini hasara ya mfugaji ni kubwa zaidi, kwa kuwa maziwa yaliyopotea kila siku hayaandikwi popote.

Sheria ya Burundi ya mwaka 2018, iliyowapa wafugaji miaka 3 ya kujiandaa, inataka mifugo ifugwe zizini badala ya kuzurura. Ina faida nyingi, lakini peke yake haizuii minyoo hii. Mwenye zizi akikata majani bwawani na kuyamwaga horini yangali yanachuruzika, amemletea ng'ombe maambukizi nyumbani.

Dawa ya triklabendazoli huua minyoo michanga na mikubwa. Albendazoli huua mikubwa tu. Zote hutolewa kwa uzito wa mnyama na kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na maziwa hayanywewi mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa upite. Anayelazimika kulisha majani ya bwawani ayakate juu ya usawa wa maji, ayaanike juani mpaka yakauke vizuri, na samadi mbichi asiipeleke kwenye maji.